Geuza-Shingo

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma:
hayo ni maneno ya watu wa tambarare.
Newala tunaanza kwa kushuka.
Kushuka, hata mbuzi mwenye mimba anashuka.
Ngoma ni kurudi.

Nimevaa buti za dukani, soli ina meno.
Begini nina chupa ya maji, nusu lita,
imetoka kwenye friji ya stendi.
Somoe Likwata ana kandambili,
ya kushoto imeshonwa kwa waya.
Anazitazama buti zangu, hasemi kitu.

Tulishuka alfajiri hadi chini ya genge,
pale palipokuwa na chemchemi,
sasa matope na nyayo za nguruwe.
Ruvuma ilikuwa uzi wa bati,
na ng'ambo milima ya Msumbiji imejipanga
kama watu waliochelewa msibani,
hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuketi.
Kisha tukageuza nyuso.

Mwanzo ni mchanga mwekundu:
unapanda hatua mbili, unakatwa moja,
kama malipo ya korosho.
Halafu changarawe. Halafu mizizi,
unaishika kama mkono wa mtu usiyemjua
na kushukuru kwa pumzi tu.
Halafu njia inasimama wima.

"Hapa Kifuani," anasema Somoe.
Nyuma tumepita Kwa Mate; juu kuna Geuza-Shingo.
Majina haya sijayaona kwenye ramani.
Waliyatoa watu wenye ndoo kichwani,
wasioweza kutazama juu wala chini,
basi wakautazama mwamba usoni.

Mguu wangu unatafuta.
Kuna kishimo kwenye jiwe,
laini kama sahani iliyolambwa.
Buti haliingii.
Nazivua, nazifunga kamba shingoni.
Jiwe la baridi, na kipimo ni changu.
Mama alivaa namba sita.
Mimi pia.

Nilipoinama, chupa ikachomoka.
Ikagonga. Ikagonga.
Ikanyamaza muda mrefu
kabla ya kugonga mara ya tatu.
Nikatukana.
Somoe akacheka mpaka akashika mzizi.

"Nusu lita, unatukana?
Mimi nilimwaga debe hapa hapa, nina miaka kumi na mmoja.
Mama yako alikuwa mbele yangu. Hakugeuka;
ukigeuka, na lako linakwenda.
Akasema tu: Kaokote debe."

"Ukafanyaje?"

"Nikaokota. Limebonyea ubavu.
Nikashuka, nikajaza, jua limeshatoka.
Ule ubavu ulikaa jikoni kwetu hadi naolewa."

"Na yeye?"

"Nilimkuta Geuza-Shingo. Amesimama.
Maji kichwani, hajayatua,
maana ukitua peke yako, nani atakutwika?
Sijui alisimama muda gani.
Hatukuongea. Tukaendelea."

Mama alinifundisha kusuka ukili,
kubangua bila kuungua, kuhesabu chenji mara mbili.
Hili hakunisimulia.
Nilidhani ile shingo fupi ni ya ukoo.

Geuza-Shingo ni bapa la jiwe,
upana wa mkeka wa kuswalia.
Nikasimama, sina kitu kichwani.
Nikajaribu kutogeuka.
Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni
na nyuma yangu kokoto zilianguka moja moja,
kama mtu anakuja, kama mtu haji.
Nilifika hamsini na kitu. Nikageuka.

Kwa Somoe bomba lipo uani.
Akalifungua: likakohoa, likatema hewa na kutu.
"Leo si zamu yetu."
Akanichotea mtungini kwa kikombe cha bati,
akavuka nacho ua, hatua kama tano,
ardhi sawa, hakuna jiwe,
na kiganja chake cha pili kimefunika kikombe
njia nzima.